Somo Dogo

Kwenye fomu niliandika: somo kuu, Kemia;
somo dogo, Uchunguzi wa Jinai.
Baba aliisoma mara mbili, akavua miwani.
"Likiwa dogo, na ada yake ni ndogo?"
Si ndogo. Akauza gunia la tano la ufuta,
akasema, soma, ila usiniletee maiti nyumbani.

Jumanne na Alhamisi, saa nane mchana,
Mbale ikisinzia, Wanale umejitanda ukungu,
sisi kumi na mmoja tunapiga magoti
kuzunguka kikombe cha chai.
"Huyu ndiye shahidi wenu," anasema mwalimu Wabuyi.
Brashi laini, poda nyeusi kidogo
(si kupaka, anatukanya, ni kubembeleza)
na pale pasipokuwa na kitu
kidole kinajitokeza.

Tao. Kitanzi. Kizingo.
Nimeyakariri kama majina ya wajomba.
"Michirizi hii ulipewa tumboni, utazikwa nayo.
Hailingani na ya mtu. Haibadiliki."
Nikaandika *haibadiliki*,
nikapiga mstari chini yake.

Desemba nikabeba wino na kadi hadi Ngora.
Bibi Asekenye alicheka, akanipa mikono yake
kama anayempa mtoto kuku amshike.
Nikakibingirisha kidole gumba, upande hadi upande,
kama nilivyofunzwa.
Doa.
Cha shahada: doa.
Cha kati: doa lenye kovu la panga.
Vidole kumi, mawingu kumi.

"Hata mashine ya kitambulisho ilinikataa," alisema.
"Mara tatu nimepanda boda hadi wilayani.
Kijana akanisugua kwa spiriti, akanisugua kwa limau,
akaniuliza, mama, vidole vyako umeviacha wapi?"

Wapi! Kwenye mpini wa jembe.
Kwenye jiwe la kusagia, kwenye maganda ya muhogo,
kwenye kamba ya kisima kabla ya bomba,
kwenye sufuria za moto zisizo na mikono,
migongoni mwa watoto tisa.
Kitabu changu kina sura nzima ya wahalifu
waliojichoma kwa asidi wasijulikane.
Hakina ukurasa wa mwanamke
aliyefutwa na kazi.

Jioni wajomba waliuzunguka mtungi wa pombe ya ulezi,
mirija mirefu ikipishana.
Mmoja akaangusha shilingi mia tano, nikawasha simu kuitafuta,
mwanga ukaangukia mtungi kwa ubavu,
vile vile tunavyoumulika ushahidi maabara,
na chini ya mdomo wake nikaona
kidole gumba, kilichobonyezwa udongo ungali mbichi,
kikachomwa motoni, kikabaki.
Kitanzi. Michirizi kumi na minne hadi kiini.
Nikahesabu tena. Kumi na minne.

"Nani aliufinyanga huu?"
"Mimi. Mwaka ule nilioolewa. Udongo wa bwawani."
Alisema hivyo huku akipepeta, hata hakugeuka.

Nikapiga picha, rula kando, tarehe, sahihi.
Wajomba walidhani pombe imenipanda
na sikuwa nimegusa mrija.

Wilayani, yule kijana aliitazama picha kwa muda mrefu,
akaisogeza dirishani, akairudisha.
"Ni kizuri," alisema. "Kizuri sana.
Lakini mashine inataka cha sasa."
Bibi akafunga leso yake, akauliza bei ya chumvi.

Mtihani wa Mei, swali la pili, alama ishirini:
*Alama za vidole hazibadiliki. Jadili.*
Nilijadili kurasa sita.
Mwalimu Wabuyi akanipa kumi na moja,
na pembeni, kwa wino mwekundu:
*Umetoka nje ya swali.*

Kweli.
Nilikuwa Ngora.